Rui Machida: sentimita 162, asisti 18, na msimu mmoja wa Washington

Swali: Shikamoo kocha. Binti yangu yuko kidato cha pili, anacheza kikapu shuleni, ana sentimita 158. Mwalimu wake wa michezo amemwambia asijisumbue sana, kwa kimo hicho hatafika mbali. Juzi kaniletea simu anionyeshe kipande cha video: mchezaji wa Japani, mfupi, kwenye Olimpiki, anawagawia wenzake mipira mpaka Wafaransa wanazubaa. Ananiambia, "Mama, si unaona huyu ni mfupi kama mimi?" Nimetafuta habari zake nikakuta vipande vipande. Mmoja anasema ndiye mpiga pasi bora duniani, mwingine anasema alikwenda Marekani akashindwa, akarudi kwao. Huyu dada ni nani hasa, na nimwambie binti yangu nini ambacho ni kweli?

Jibu: Marahaba, dada. Huyo ni Rui Machida, na video aliyokuonyesha binti bila shaka ni ya nusu fainali ya Olimpiki ya Tokyo, tarehe 6 Agosti 2021, Japani 87, Ufaransa 71. Siku hiyo Machida alitoa asisti 18, yaani pasi zilizozaa pointi, rekodi ya mechi moja kwa wanawake katika historia ya Olimpiki. Siku mbili baadaye alivaa medali ya fedha, na akatajwa kwenye kikosi bora cha wachezaji watano wa mashindano yale. Mwaka uliofuata alicheza msimu mmoja Marekani, katika timu ya Washington Mystics ya WNBA, ligi kuu ya wanawake ya huko, kisha akarudi kwenye klabu yake ya Japani. Wanaompa taji la dunia wanatia chumvi, na wanaosema alishindwa nao wanatia chumvi. Mimi nadhani kisa chake kinaeleweka vizuri ukikishika kwa upande mmoja: Machida ni mchezaji mzuri mno ambaye timu nzima ilijengwa ili uzuri wake uonekane. Ukitaja nusu ya kwanza ukaiacha ya pili, utamdanganya binti.

Tuanze kwao. Alizaliwa tarehe 8 Machi 1993 Asahikawa, mji wa pili kwa ukubwa katika kisiwa cha Hokkaido, kaskazini kabisa mwa Japani. Ni mji wa baridi kali. Mwaka 1902 kipimajoto huko kilishuka hadi nyuzi 41 chini ya sifuri, na mpaka leo ndiyo rekodi ya Japani. Mji wenye theluji miezi mingi hivyo hauchezi kikapu kwenye uwanja wa saruji nje ya shule kama sisi. Watoto wanacheza ndani, kwenye ukumbi wa shule, na wanacheza karibu kila siku.

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo penye tofauti kubwa na kwetu. Japani mtoto wa shule ya msingi hachezei goli la wakubwa. Wana kikapu chao cha watoto, chenye ringi ya sentimita 260 badala ya 305, na mpira mdogo kuliko ule wanaotumia wanawake watu wazima. Mtoto wa miaka tisa anaweza kutupa kwa mkono uliokaa vizuri bila kuurusha mpira kama anayerusha jiwe. Anajifunza kudundisha bila kuutazama mpira kwa sababu mpira unamtosha mkononi. Baada ya hapo anaingia sekondari, ambako michezo ni klabu ya shule baada ya masomo, yenye mwalimu wake, ratiba yake na nidhamu ambayo wengine wetu tungeiita ya kijeshi. Hata hao wenyewe wanalalamika kwamba watoto wanachoshwa. Lakini mtoto aliyepita njia hiyo, akifika miaka 18, ameshika mpira kwa saa nyingi kuliko wachezaji wetu wengi wa timu za taifa.

Machida alisoma sekondari ya juu Sapporo Yamanote, mji mkuu wa Hokkaido. Mwaka 2010, akiwa mwaka wa mwisho, shule hiyo ilibeba mataji yote matatu makubwa ya wasichana nchini: mashindano ya shule ya kiangazi, tamasha la michezo la taifa, na Winter Cup ya Desemba. Katika timu ile alikuwemo pia Moeko Nagaoka, ambaye baadaye alikuwa naye kwenye kikosi cha medali ya Tokyo. Kwa hiyo mtu anapokwambia Machida "aliibuka" mwaka 2021, mwambie Wajapani wanaofuatilia kikapu cha shule walikuwa wameshamjua kwa zaidi ya miaka kumi.

Mwaka 2011 alijiunga na Fujitsu Red Wave ya Kawasaki, jirani kabisa na Tokyo. Fujitsu ndiyo hiyo hiyo kampuni ya kompyuta. Ligi ya wanawake ya Japani, W League, imeota kwenye mizizi ya viwanda: timu nyingi zina jina la kampuni kubwa, za magari, mafuta au vifaa vya umeme, na kwa miongo mingi wachezaji wamekuwa wakiajiriwa na kampuni hizo. Kuna kitu kizuri hapo, nacho ni uhakika wa riziki. Msichana wa miaka 18 haingii sokoni kubahatisha mkataba wa miezi sita. Anaingia mahali ambapo anaweza kukaa muongo mzima akinoa kitu kimoja. Machida amekaa. Ukitoa ule msimu wa Washington, maisha yake yote ya ligi ni ya klabu moja.

Na klabu hiyo, kwa muda mrefu, haikuwa ya kushinda. Miaka ile ligi ilikuwa na mfalme mmoja, JX-ENEOS, waliotwaa ubingwa mara 11 mfululizo, kuanzia msimu wa 2008-09 hadi 2018-19. Kwa maneno mengine, Machida aliingia ligi kuu, akawa mchezaji wa timu ya taifa, akaenda Olimpiki, na bado kila mwaka kombe lilikuwa linakwenda kwa watu wale wale. Kinara wa asisti alikuwa yeye misimu mingi, kombe hana. Mchezaji wa namna hiyo kwetu angeshahama zamani.

Upande wa timu ya taifa nako alisubiri. Rio 2016 alikuwemo, lakini namba moja, yaani mtu wa kuchezesha timu, alikuwa Asami Yoshida wa JX-ENEOS. Japani ilifanya vizuri sana Rio, iliwafunga Belarus, Brazil na Ufaransa, kisha ikakutana na Marekani robo fainali na kuchapwa 110 kwa 64. Baada ya Yoshida akaja Nako Motohashi, aliyekuwa mchezaji bora wa mashindano Japani ilipotwaa Kombe la Asia mwaka 2019. Machida alikuwa pale pembeni, anaaminiwa, lakini hajakabidhiwa usukani. Mwishoni mwa 2020 Motohashi akaumia goti vibaya, kisha Yoshida naye akastaafu. Motohashi alipona akawahi Tokyo, ila kufikia hapo gari lilikuwa na dereva mwingine. Machida alikuwa na miaka 28. Mwambie binti umri huo, umsaidie kupiga hesabu zake.

Sasa kocha. Tom Hovasse ni Mmarekani aliyecheza miaka mingi Japani, anazungumza Kijapani na wachezaji wake hata wakati wa taimu-auti, na alikabidhiwa timu ya wanawake mwaka 2017. Alipofika alitangaza kwamba Tokyo watacheza fainali na Marekani. Watu walicheka kwa adabu. Mtihani wake ulikuwa wazi: hana watu warefu. Mrefu wake mkuu, Ramu Tokashiki mwenye sentimita 193, naye aliumia goti Desemba 2020 na hakucheza Olimpiki. Senta, yaani mtu wa chini ya kikapu, akabaki kuwa Maki Takada, nahodha, mwenye sentimita 185 hivi, ambaye kwenye timu nyingi za Ulaya angepangwa winga.

Hovasse hakutafuta mrefu mwingine. Aliamua wachezaji wote watano, senta akiwemo, watupe pointi tatu, na anayepata nafasi akaacha kutupa ndiye atakayekaripiwa. Kwenye ulinzi walikuwa wanabana kuanzia goli la mpinzani na kukimbia dakika zote 40. Mantiki yake haina uchawi. Mlinzi mrefu wa timu pinzani ana faida akiwa chini ya kikapu. Ukimpa mtu wa kumlinda ambaye anatupa kutoka mita saba, lazima atoke nje amfuate, na akitoka nje chini ya kikapu panabaki wazi. Uwanja ukishakuwa wazi hivyo, anahitajika mtu mmoja anayeona kila upenyo na asiye na hamu ya kufunga yeye. Huyo ndiye Machida.

Rudi kwenye ile video, umwambie binti aitazame polepole. Machida anapandisha mpira. Takada anatoka chini na kusimama pembeni ya beki anayemlinda Machida, kama kizuizi, kile ambacho watoto shuleni wanakiita skrini. Machida anapita karibu naye kiasi kwamba bega lake linagusana na nyonga ya Takada, beki wake anakwama. Hapa ndipo wachezaji wengi wafupi huongeza mwendo, wanakimbilia kikapuni, wanakutana na mrefu, mpira unapigwa kofi. Machida hafanyi hivyo. Anapunguza mwendo. Yule beki aliyekwama anajinasua na kumfuata, lakini sasa yuko mgongoni, na Machida anamweka hapo hapo mgongoni kwa makusudi, anadundisha moja, mbili, bila haraka. Mbele yake kuna Mfaransa mmoja mrefu mwenye kazi ya kuwalinda watu wawili: yeye na Takada anayeshuka kuelekea kikapuni. Mfaransa akisogea mbele kumzuia Machida, mpira unapita chini ya mkono wake kwa mdundo mmoja na kumfikia Takada. Akibaki na Takada, basi beki wa kona analazimika kuingia kusaidia, na hapo mpira unaruka hadi kona kwa mtupaji ambaye ameshakaa tayari, miguu imepangwa.

Angalieni na macho yake. Mara nyingi anatazama kona, na mpira unaingia ndani. Au anamtazama Takada mpaka dakika ya mwisho, mpira unakwenda kona. Kimo chake hapa kinamsaidia, hili nalisema kama kocha: pasi yake inaanzia chini, karibu na goti, mahali ambapo mikono mirefu inachelewa kufika. Robo ya kwanza Wafaransa waliongoza. Baadaye walianza kubabaika, kila wakichagua kuziba hapa panafunguka pale. Alikuwa kama mama anayepakua sahani za shughuli, anajua nani hajala bila kuuliza. Pointi alizofunga yeye mwenyewe siku ile hakuna anayezikumbuka.

Lakini fikiria asisti ni nini. Inahesabiwa pale tu mwenzako anapofunga. Pasi nzuri kupita zote duniani, mwenzako akikosa, kwenye karatasi ni sifuri. Kwa hiyo zile 18 ni za Machida, na ni za Takada, Himawari Akaho, Yuki Miyazawa, Saki Hayashi na wengine waliokuwa wanafunga. Katika mashindano yote wastani wake ulikuwa asisti 12.5 kwa mechi, namba ambayo kwa kawaida ni ya mtu aliyepata usiku mmoja wa bahati. Mechi sita hazina bahati. Zina watupaji.

Ushahidi mwingine uko robo fainali, tarehe 4 Agosti. Japani iliishinda Ubelgiji 86 kwa 85, na kilichoamua ni mtupo wa pointi tatu wa Hayashi zikiwa zimebaki sekunde kumi na tano na ushee. Mpira ule ungegonga ringi ukatoka, leo nisingekuwa najibu swali lako, kwa sababu ile nusu fainali isingekuwepo. Machida angekuwa mchezaji mzuri wa ligi ya Japani ambaye binti yako hajawahi kumsikia.

Fainali Marekani waliwafunga 90 kwa 75. Brittney Griner, mwenye sentimita 206, alifunga pointi 30, na hapo hakuna mbinu ya Hovasse iliyotosha. Marekani pia walikuwa na mabeki warefu wenye kasi, wanaoweza kubadilishana watu kila inapowekwa skrini, kwa hiyo ule upenyo wa Wafaransa haukutokea mara nyingi. Machida alimaliza na asisti 6. Ukumbi wa Saitama ulikuwa mtupu, corona iliwafungia watazamaji nje, na ile ikawa medali ya kwanza ya Olimpiki kwa kikapu cha Japani, wanaume kwa wanawake. Wanawake walikuwa wamewahi kupata fedha kwenye mashindano ya dunia ya mwaka 1975 kule Colombia, lakini ya Olimpiki hawakuwa nayo.

Sasa nije kwenye lile la "alishindwa Marekani", maana ndilo lililokusumbua.

Mwanzoni mwa 2022 Washington Mystics walimsaini. Aprili alikuwa bado Japani akicheza fainali ya W League, ambayo Fujitsu walipoteza kwa Toyota Antelopes. Mei yuko Washington. Hakuna likizo hapo, hakuna miezi miwili ya kuzoea. Alikuwa Mjapani wa nne tu kucheza WNBA, baada ya Mikiko Hagiwara mwaka 1997, Yuko Oga mwaka 2008 na Tokashiki kuanzia 2015. Mwaka ule ligi ilikuwa na timu 12, kila timu wachezaji wasiozidi 12. Piga hesabu: nafasi 144 kwa dunia nzima, na kila mwaka wasichana waliotamba vyuo vikuu vya Marekani wanakatwa kwa makumi kambini kabla ligi haijaanza. Machida hakukatwa. Alicheza msimu mzima wa mechi 36, dakika kama 13 kwa mechi, wastani wa pointi zisizofika 2 na asisti 2.6 hivi. Timu iliingia hatua ya mtoano, ikatolewa na Seattle Storm.

Kwa nini namba zilishuka kutoka 12.5 hadi 2.6? Kwanza dakika. Aliyekuwa mbele yake kwenye nafasi ile ni Natasha Cloud, na mwaka huo huo Cloud ndiye aliyeongoza WNBA nzima kwa asisti. Ukikaa nyuma ya kinara wa ligi, utakula mabaki, hilo halina aibu. Pili, na hili ndilo zito: wapinzani walimjua. Waligundua kwamba hapendi kutupa, na akitupa haingizi kwa kiwango cha kuwatisha. Basi beki wake alikuwa anarudi nyuma hatua mbili na kuziba njia za pasi. Japani jambo hilo lilifichwa na watupaji wanne waliomzunguka. Ukimwacha Machida ukaenda kusaidia, mmoja wao anakuadhibu. Washington timu haikujengwa kwa ajili yake, wala hakukuwa na sababu ijengwe hivyo. Mchezaji ni yule yule, mikono ile ile, macho yale yale.

Mimi ningemlaumu kwa jambo moja tu, nalo ni hilo la kutupa. Mchezaji wa sentimita 162 hawezi kumudu kuwa na sehemu ya uwanja ambayo beki anaweza kumwachia. Kama angekuwa anaingiza pointi tatu kwa uhakika, ninaamini angekaa WNBA misimu mingine. Hayo ni maoni yangu, na makocha wengine watakwambia kwamba ukimlazimisha atupe, unamharibu.

Akarudi Kawasaki. Huko ndiko kuna sehemu ya kisa ambayo haina video nyingi, na mimi naipenda kuliko zote. Miyazawa na Hayashi, wale wale wa Tokyo, walikuja kuwa wenzake Fujitsu. Msimu wa 2023-24 klabu ilitwaa ubingwa wa ligi kwa mara ya kwanza baada ya miaka 16, na msimu uliofuata wakautetea. Machida alikuwa amesubiri kombe hilo tangu mwaka 2011. Kiangazi cha 2024 alicheza Olimpiki ya Paris pia, na huko mambo yalikuwa mabaya: Japani ilipoteza mechi zote tatu, kwa Marekani, Ujerumani na Ubelgiji. Mfumo ule ule wa kukimbia na kutupa, safari hii chini ya kocha mwingine, ulikuwa umeshasomwa na dunia nzima. Mchezo wa wafupi una tabia hiyo. Mwaka mmoja unashangaza watu, miaka mitatu baadaye wameshaufanyia kazi.

Umeniuliza pia yeye ni nani, na nahisi ulitaka habari za mtu, zaidi ya mpira. Nchini mwake ni sura inayojulikana. Baada ya Tokyo, magazeti na televisheni ziliwazunguka wachezaji wale, na yeye alipendwa kuliko wengi, nadhani kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo kwenye mchezo wa majitu, na kwa sababu hana makuu. Uwanjani hapigi kifua, hanyooshei mtu kidole. Asisti inakwenda, yeye ameshageuka anarudi kulinda. Kwenye mahojiano anazungumza kwa upole, na ukimsifu mara nyingi atakurudisha kwa waliofunga. Kuna watu wanadhani hiyo ni adabu ya Kijapani tu. Mimi namsikia mtu anayeelewa hesabu ya kazi yake vizuri kuliko wanaomsifu. Mambo yake ya nyumbani ameyaweka nyumbani, na ukikutana mtandaoni na hadithi za mume, mali au mshahara wake, zipite. Nyingi zimeandikwa na watu wanaotafuta kubofywa.

Nakuja kwa binti. Kwanza, ana miaka ya kukua bado, na mwalimu anayemfungia mlango mtoto wa kidato cha pili amewahi mno. Pili, usimwambie kwamba kimo hakina maana. Kina maana sana, na Machida mwenyewe alikumbana nacho kwenye fainali na Washington. Mwambie kwamba mfupi anapata nafasi akiwa na vitu viwili ambavyo mrefu anaweza kusamehewa asipokuwa navyo: mkono wa kushoto ulio sawa na wa kulia, na mtupo wa mbali unaoaminika. Cha kwanza Machida anacho kupita kiasi, cha pili ndicho kilichompunguzia maisha ya Marekani. Binti aige kimoja na asiige kingine.

Na wewe kama mzazi, angalia timu anayochezea. Kama kila anayepokea pasi anakimbilia kikapuni bila kutupa, binti ataonekana hana maana hata akiwa na macho ya Machida. Hilo si lake, ni la kocha, na unaweza kumwambia mwalimu kwa heshima kabisa kwamba watoto wafundishwe wote kutupa. Au mtafutie timu ya mtaani ya Jumamosi yenye watupaji wawili watatu.

Kwa wiki hii ampate mwenzake mmoja aliye mrefu kuliko yeye, wafanye skrini ile moja tu, upande wa kulia na wa kushoto, bila mabeki kwanza. Apite bega kwa nyonga, kisha apunguze mwendo badala ya kuongeza. Kupunguza ndiko kutakakomshinda mwanzoni. Wakizoea, waweke beki mmoja, halafu wawili, na mtu wa tatu asimame kona. Halafu airudie ile nusu fainali, lakini aache kuutazama mpira, amtazame yule Mfaransa mrefu anavyohangaika kuchagua. Akianza kutabiri mpira utakwenda wapi kabla Machida hajauachia, niandikie tena nimpe zoezi la pili.